Kwa yule daktari wa matangi ya samaki: mawe hai hayafuliwi kwa sabuni ya unga!

Mwambao_Mkali: Wakuu, mnamjua. Tanga nzima inamjua, yule wa barabara za namba. Leo kapewa mawe hai, yaani vipande vya mwamba wa baharini vyenye bakteria, ya tangi la matumbawe la lita 200. Kayatia kwenye beseni, kayamwagia sabuni ya unga, kayasugua kwa brashi ya choo! Sabuni. Ya. Unga. Kuulizwa, anajibu: "Kwani unayaonea huruma mawe?"

Mawe hayo ndiyo kichujio chenyewe! Bakteria wa kwanza hula amonia, sumu ya uchafu wa samaki, na kuacha nitraiti, sumu nyingine; wengine huigeuza nitraiti kuwa nitreti isiyo kali. Ukishawaua, ni mawe mapya na kuanza upya: chumvi gramu 35 kwa lita, joto nyuzi 26, tia amonia hadi kipimo kisome miligramu 2 kwa lita, kisha tulia. Mara nyingi ni wiki nne hadi sita. Amonia hiyo ikiisha ndani ya saa 24 na nitraiti ikiwa sifuri, badilisha maji, tia samaki mmoja. Yeye anasema "maji meupe pee, tia saba leo jioni". Saba! Povu bado linaelea! Kasugua hadi ndani ya vitundu wanamokaa bakteria. Kwa sabuni!

PwezaMbishi: 😂😂 Angalau samaki watanukia limau.

Ngamiani_One: Mleta uzi nawe ulikuwa umesimama tu? Na beseni la nani?

Mwambao_Mkali: Beseni si hoja! SABUNI!

Chumbageni_Boy: Afadhali sabuni. Fundi wa kwetu anachota maji ya bahari masika, jirani na mto, hidromita (kipimo cha chumvi majini) inasoma 1.015 badala ya 1.025. Tangi likipungua kwa mvuke anaongeza maji ya bahari tena. Chumvi haipai na mvuke jamani! Ongezeni maji yasiyo na chumvi wala klorini.

Bi_Mkubwa: Nyie mna chumvi, sisi umeme. Ukikatika saa nyingi, kichujio kilichofungwa kinakosa oksijeni, bakteria wanafia humo, ukirudi kinatapika uozo wote tangini. Kisuuzeni kwa maji ya tangi kabla ya kuwasha. Na pampu ya hewa ya betri muwe nayo.

Mgeni_Jukwaani: Langu jipya lina utando wa kahawia, nimwage?

Bi_Mkubwa: Usimwage mwanangu. Diatomu hao, mwani mdogo sana, wanakula silika, madini yaliyomo majini, ikiisha wanaondoka.

Ngamiani_One: Pweza anakaa lita 200?

PwezaMbishi: Mfuniko usipobana, utamkuta sebuleni.