Sahani ya Jirani
(Kikundi cha ukoo: "Mbweni na Matawi Yake", Jumamosi asubuhi)

Neema wa Fuoni: Shikamooni wakubwa. Nina jambo, msinicheke.

Mjomba Yona: Marahaba. Kama ni mchango, mie mwezi huu nishakauka 😂

Neema wa Fuoni: Si mchango, mjomba. Jana karibu na magharibi mtoto wa jirani kaja na kikombe, mama yake anaomba mafuta, futari haijakamilika. Nikamwambia yamekwisha. Na dumu liko nyuma ya mlango.

Da Agnes: Weee

Neema wa Fuoni: Usiku napiga magoti, kufika "utupe leo riziki yetu" ulimi ukagoma. Tangu Jumatano ya Majivu sijaruka sala hata siku moja, asubuhi na usiku. Sasa zinaingia wapi, ikiwa mkono wangu ni ule ule?

Mjomba Yona: Mie nasema siku zote, sala ni sala, kutoa ni kutoa. Mwenye mkono wa birika hata akikesha kanisani Mkunazini atarudi na birika lake.

Bibi: 🎤 ujumbe wa sauti

Kaka Elia: Bibi, sauti haifunguki, bando limekata. Da Agnes, uko naye?

Da Agnes: Nipo naye barazani, anakuna nazi. Naandika kama anavyosema:

"Neema, huko kugoma kwa ulimi ndiyo sala yenyewe inafanya kazi. Usingekuwa unasali ungesema yamekwisha, ukalala fofofo. Hebu isikilize sala ile. Hamna 'nipe' mle. Baba yetu, utupe, utusamehe, usitutie. Hata ukijifungia chumbani peke yako, umeombea mtaa mzima. Asubuhi umeomba riziki yetu, ukapewa dumu. Jioni mwenzio kaja kuchukua fungu lake, weye ukamwambia yamekwisha."

Neema wa Fuoni: 😭 Bibi jamani

Kaka Elia: Na sisi wa Mbweni ndio tusiisahau hiyo "yetu". Misheni ya Waanglikana ilinunua shamba lile la Mbweni 1871, wakaja kukaa watumwa waliokombolewa majahazini. Soko la watumwa la Mkunazini lilikuwa halijafungwa bado, mpaka 1873. Mtu kanyang'anywa mama, baba na kwao, hana pa kurudi. Halafu anafundishwa kusema Baba yetu, na wa pembeni yake, ambaye hata lugha hawasikilizani, anasema vile vile. Ukoo wao ulianzia hapo. Na ndugu hanyimwi kikombe cha mafuta.

Mjomba Yona: Historia tunaijua, katekista. Na bei ya mafuta unaijua?

Da Agnes: 😂😂 Mjomba!
Lakini mie nina dukuduku. Mbona wako wanaosali sana na kutoa sana, ila wakitoa kilo mbili za mchele lazima picha ije kikundini?

Kaka Elia: Tazama Mathayo 6. Sadaka imetangulia, inafuata sala, halafu kufunga. Zote tatu onyo ni moja, usifanye ili watu wakuone. Sala ya Bwana imewekwa hapo katikati, sadaka mkono huu na mfungo mkono huu. Miaka nimefundisha watoto sala ile kama shairi la kukariri, sikutazama majirani zake ni nani.

Da Agnes: Bibi anaendelea, kaweka mbuzi pembeni:

"Mie sina sala ndefu. Nikikuna nazi nataja nyumba tatu, ya kushoto, ya kulia na ya mbele. Bwana, mkumbuke wa mlango wa buluu. Basi. Siku moja namtaja, nikajiuliza, mbona sijamsikia akifagia? Kwenda, namkuta na homa siku ya pili, hana hata maji ya kunywa. Nisingekuwa namtaja asingenijia akilini. Na yule tuliyegombana kwa zamu ya kisima nimemtaja mwezi mzima kwa meno yaliyokaza. Sikumpenda mara moja, nisiwadanganye. Ila siku aliyofiwa miguu ilitangulia, moyo ukafuata nyuma."

Mjomba Yona: Haya mama. Na yule anayekuja kuomba kila siku ya Mungu?

Da Agnes: Kasema: "Huyo msalie zaidi. Na mpe kikombe, sikusema umpe dumu."

Mjomba Yona: 😂 Hapo nimekuelewa.

Kaka Elia: Kesho gari ya kanisani saa moja kamili, anayechelewa apande daladala. Tuendelee.

Neema wa Fuoni: Nimerudi. Nimekwenda kwa jirani na kikombe changu cha mafuta. Nikamwambia kweli, jana yalikuwepo. Kaniangalia, kacheka, kasema hata yeye kuna siku kamficha mtu sukari.

Da Agnes: Afadhali

Neema wa Fuoni: Halafu kaniuliza, shoga, sahani yangu je? Ile aliyoniletea futari Jumatatu. Iko kwangu tangu siku hiyo.

Da Agnes: Bibi kaacha kukuna. Anauliza, unataka kuirudisha tupu?

Neema wa Fuoni: Ndiyo maana imelala, Bibi. Sina cha kuweka, mshahara mpaka wiki ijayo. Naona haya.

Mjomba Yona: Huku Dole nina mkono wa tembo umekomaa. Namtuma kijana akuletee chane mbili.

Da Agnes: Bibi anauliza, huyu ndiye aliyekauka?

Mjomba Yona: Ndizi si pesa, mama.

Neema wa Fuoni: Ahsante mjomba 🙏 Zitawahi kupikwa kabla ya magharibi?

Mjomba Yona: Keshapanda daladala. Osha sahani.