Watoto wa paka wanne ninaowalea wanaumwa, mdogo wao amekataa kula: naombeni ushauri

Mleta uzi:
Habari zenu wapendwa. Ni saa tisa usiku, nimekaa kwenye sakafu ya bafu na boksi lao liko mbele yangu. Niliwapokea siku nne zilizopita kutoka kikundi cha kuokoa paka, niwalee mpaka wapate nguvu na watu wa kuwachukua. Wana wiki nne hivi, mama yao hakupatikana. Juzi walianza kupiga chafya. Leo macho yamegandana kwa tongotongo za njano, na wawili wanaharisha. Watatu bado wanakula. Yule mdogo, wa kijivu, tangu jioni anaisogelea sahani, anasimama pale, kisha anageuza kichwa. Nimempa maziwa yao ya unga kwa bomba la sindano, yakamtokea puani. Jana alikuwa na gramu 305, sasa hivi ana 290. Wenzake wamepita 400. Daktari wa kikundi atawaona asubuhi. Niendelee kumlazimisha kula? Naogopa hatafika asubuhi.

Mchangiaji wa 1:
Pole sana dada. Weka kwanza hilo bomba chini. Maziwa yakitokea puani, mengine huenda yameshaingia mapafuni. Kabla ya kufikiria chakula, mguse masikio na nyayo, kisha ingiza ncha ya kidole mdomoni. Kama mdomo ni wa baridi, asipewe chochote kwanza. Mwili ukishapoa tumbo halisagi, maziwa yanakaa humo yanachacha. Nilimpoteza mmoja hivyo miaka ya nyuma, nilimlisha kwa huruma huku ameshapoa, na sijasahau.

Jaza chupa maji ya moto, izungushie taulo, uilaze upande mmoja tu wa boksi ili akizidiwa na joto aweze kusogea. Au mweke kifuani mwako ndani ya nguo. Apate joto taratibu, hata saa nzima au zaidi. Usimtumbukize kwenye maji ya moto.

Mleta uzi:
Mdomo ni wa baridi kweli. Kipimajoto kimesoma 36.1. Nimemweka kifuani.

Mchangiaji wa 1:
Kwa umri wake angekuwa kwenye 38 hivi. Mkande mgongo polepole, na umpime tena baada ya nusu saa.

Mchangiaji wa 2:
Nimekuwa msaidizi wa daktari wa mifugo miaka sita, na hali hii naiona sana. Paka anakula kwa pua. Pua ikiziba hasikii harufu, na asichokinusa kwake si chakula. Ndiyo maana anafika kwenye sahani halafu anageuka, njaa anayo.

Akishapata joto, fungulia maji ya moto bafuni, funga mlango, ukae naye kwenye mvuke dakika 10 hadi 15. Kamasi zitalainika, uzifute. Macho usiyabandue yakiwa makavu. Loweka pamba kwenye maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, iache juu ya jicho mpaka uchafu ulegee, ndipo ufute kuanzia kona ya puani kwenda nje. Kila jicho na pamba yake. Jicho likiwa na ukungu au usaha umejaa chini ya kope, daktari alione bila kuchelewa, maana linaweza kupotea.

Mafua haya mara nyingi ni virusi, hapesi au kalisi. Mwangalie na ulimi, kalisi huacha vidonda vinavyouma wakati wa kula. Na nakuomba usimpe dawa yoyote ya binadamu. Parasetamo inaua paka, hata kipande kidogo.

Mchangiaji wa 3:
Kwa hao wanaoharisha, chukua kinyesi kibichi kwenye kichupa safi uende nacho asubuhi. Umri huo mara nyingi ni minyoo, au vijidudu vya utumboni vinavyoitwa koksidia na giadia, na kila moja ina dawa yake, kwa hiyo kubahatisha kunapoteza muda. Angalia na fizi. Zikiwa nyeupe, chambua manyoya utafute viroboto, watoto wadogo hivi hufyonzwa damu mpaka wanakufa. Ila dawa ya viroboto ya mbwa usiiguse, nyingi zina pamethrini, na hiyo ni sumu kwa paka.

Mchangiaji wa 4:
Mimi nasema mpigie msimamizi wa kikundi sasa hivi. Ndiyo kazi waliyoichagua, hawatakasirika kuamshwa. Akianza kuhema mdomo wazi, akitapika mfululizo au akilegea hata ukimwamsha, asubuhi ni mbali.

Mleta uzi:
Nimempigia, amepokea mlio wa pili. Kasema kama kupumua kutabadilika atatupeleka mwenyewe usiku huu. Fizi ni za waridi.

Saa kumi na nusu: 37.8. Tumetoka kwenye mvuke, kamasi zimetoka nyingi sana. Nimepasha chakula laini kidogo nikampaka mdomoni kwa kidole. Amelamba. Kisha akanilamba kidole chenyewe, akakula karibu kijiko kidogo kimoja, peke yake, amesimama.

Mleta uzi (jioni):
Tumerudi. Mapafu yamesikika safi, ila daktari anataka kumsikiliza tena kesho kwa sababu ya yale maziwa. Wote wamepewa dawa ya macho, na kinyesi kimeonyesha koksidia. Mdogo amepimwa gramu 296. Swali la mwisho: nina paka wangu mtu mzima, amechanjwa. Mdogo akipona naweza kuwakutanisha?

Mchangiaji wa 2:
Bado. Wakae chumba chao angalau wiki mbili, na uhesabu upya kama kuna atakayeanza kuumwa. Wahudumie wa kwako kwanza, watoto baadaye, ukiwa na nguo na viatu vya chumba kile tu. Choo chao kisafishwe kila siku, maana vijiyai vya koksidia vinahitaji muda nje ya mwili kabla ya kuambukiza. Na mpime mdogo kila asubuhi saa ile ile, kabla ya kula. Siku atakayopungua tena, piga simu hata kama anacheza.

Mleta uzi:
Nimeelewa, ahsante sana. Daftari la uzito nimelitundika mlangoni.