Nyumba haijatimiza mwaka, nyufa kila chumba, halafu naambiwa "nyumba inakaa"

Ndugu zangu, ninaandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Nyumba niliyoinunua ikiwa imekamilika huko Goba, Dar es Salaam, ina miezi tisa tu, lakini ukuta wa sebule umepasuka mshazari kutoka kona ya dirisha hadi sakafuni, na sarafu ya shilingi 200 inazama katika ufa huo bila kusukumwa. Muuzaji amenijibu kwamba nyumba mpya hukaa, yaani hushuka kidogo hadi itulie ardhini, nizibe, nipake rangi, nitulie.

Sikubali. Ufa mwembamba kama unywele kwenye lipu ningeuvumilia, lakini huu umekata matofali yenyewe. Tulipofukua pembeni baada ya masika tulikuta udongo wa mfinyanzi, ule unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na msingi umeishia humo humo, kina chake hakifiki hata magotini. Jamvi, yaani zege la sakafu, lilimwagwa juu ya kifusi kisichoshindiliwa, tena bila kutandikwa nailoni, ndiyo maana unyevu unapanda ukutani, rangi inabanduka na unga mweupe wa chumvi umefika usawa wa soketi.

Nilikwaruza tofali kwa ufunguo, nikabaki na mchanga mtupu kiganjani. Jirani aliyeshuhudia ujenzi anasema matofali yalifyatuliwa, yakaachwa juani bila kumwagiliwa, na siku ya tatu yakawa ukutani. Saruji haikauki kama nguo iliyoanikwa. Hushika kwa sababu ina maji, na kwa hiyo zege humwagiliwa walau siku 7 na nguvu yake hupimwa siku ya 28. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba fundi yuleyule anayezidisha maji wakati wa kukoroga, ili koleo liwe jepesi, ndiye anayelinyima zege hilo maji likishamwagwa.

Ghorofa la Kariakoo lilipoporomoka Novemba 2024 sote tulipaza sauti kuhusu maghorofa, huku nyumba hizi za kawaida tukiwaachia mafundi wanaolipwa kwa kuwahi kumaliza, na lipu ikifunika yote kabla mnunuzi hajafika.

Rangi siitaki. Ninataka muuzaji agharimie kuimarisha msingi. Aliyewahi kumbana muuzaji hadi akarekebisha, naomba anieleze alianzia wapi na alitumia ushahidi gani.