Tupeane uzoefu: kuomba pasipoti ukiwa kijijini (Dodoma, Singida na jirani zake)

Mkulima wa Alizeti (mwanzisha mada)

Mbukwenyi wadau. Makao makuu ya Uhamiaji yako hapa hapa Dodoma, basi watu wa mikoa mingine wanaamini sisi pasipoti tunaifuata na kandambili, jioni tumesharudi. Waje Farkwa mwezi wa pili, korongo limeshuka, ndipo tuongee vizuri.

Ya jumla tunayajua: ombi linaanzia mtandaoni, ada ni 150,000, yaani 20,000 ya fomu kwanza na 130,000 baadaye, kitabu kinadumu miaka 10. Tusizunguke humo. Nataka kisa chako wewe uliyeomba ukiwa kijijini: kilichokukwamisha ni nini, na leo hii mdogo wako akikuuliza aanzie wapi utamwambia nini. Nina binti amepata nafasi ya chuo India na siku hazigandi.

Boda wa Kwamtoro

Mkuu, mimi niliitafuta kwa sababu ya kazi ya utingo kwenye malori yaendayo Kongo. Kwetu mtandao unapatikana ukipanda mwamba ulioko nyuma ya shule. Nilijaza kwa simu usiku wa manane watu wakiwa wamelala, ndipo mtandao unapopumua.

Cha kushika: ukianza kujaza, mfumo unakupa namba ya ombi. Iandike kwenye daftari, usiitegemee simu, maana chaji itaisha na umeme wa sola wa jirani una foleni yake. Mtandao ukikatika unarudi na namba ile ile na kuendelea ulipoishia. Jibu la lile swali la siri nalo liandike.

Malipo hayasumbui, unapewa namba ya malipo unalipia kwa simu, wakala yupo hata dukani kwa Mangi. Kuprinti ndiko kulikonitoa kijijini. Fomu ina kurasa kadhaa, na printa ya karibu ilikuwa Kondoa mjini. Kama unakwenda, nenda siku moja na shida zako zote: kuprinti, kutoa kopi za vyeti, na kumwona wakili au hakimu kwa ajili ya kiapo cha kuzaliwa cha mzazi asiye na cheti.

Binti wa Pahi

Assalaam aleykum. Langu ni la mama. Alijaaliwa nafasi ya Hija, watoto tukachanga, taasisi ikasema bila pasipoti jina lake haliwezi kuendelea. Mama ana miaka sabini na kitu, maisha yake yote ni jembe. Kitambulisho cha Taifa anacho. Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho, na hakuna aliyewahi kumuuliza hadi siku hiyo.

Basi pasipoti ikageuka kuwa safari ya cheti. Barua ya mtendaji wa kijiji, kisha ofisi ya mkuu wa wilaya kwa ajili ya usajili wa RITA, wale wa serikali wanaotoa vyeti vya kuzaliwa. Mtu mzima akisajiliwa wanataka ushahidi. Shule hakusoma. Cheti cha ubatizo, sisi Waislamu. Kadi ya kliniki, enzi zake nani alikuwa nayo? Kilichotuvusha ni Kitambulisho cha Taifa na kile cha mpiga kura, tena kwa bahati tarehe zilifanana. Jirani yetu zake zilipishana mwaka, akarudishwa kwenda kusawazisha.

Siku ya Uhamiaji vidole vikagoma. Mashine inasoma, inakataa, inasoma, inakataa. Jembe limefuta alama zote. Afisa alikuwa kijana mstaarabu, akamwita bibi, akaagiza maji ya uvuguvugu, akamfuta kidole kimoja kimoja na kumwambia asibonyeze kwa nguvu. Ikakubali. Kwa hiyo mwenye mzee mkulima, wiki nzima kabla ya safari asishike jembe wala majivu, na kila usiku umpake mafuta ya mgando viganjani. Hina ya vidoleni pia asubiri kwanza.

Kwenye mahojiano mama aliulizwa majina ya babu na bibi zake. Wee! Alianza kuutaja ukoo wa Warangi tangu huko, mpaka afisa akaomba po.

Mtu wa Bahi

Picha wakuu! Mpiga picha wa huku kwetu ana pazia jekundu tu, miaka nenda rudi. Mimi niliambiwa nyuma kuwe na bluu mpauko. Pigieni mjini.

Mkulima wa Alizeti

@Binti wa Pahi shukrani sana dada, na mama Mungu amtakabalie. Cheti cha kuzaliwa binti yangu anacho. Swali langu: cha mzazi nacho ni lazima? Maana cha kwangu ndio mtihani.

Mzee wa Mvumi

Mwanangu, hapo ndipo wengi tunapoangukia. Wanataka cheti cha kuzaliwa cha mwombaji *na* cha mzazi. Mzazi asipokuwa na cheti, kinakubalika kiapo cha kuzaliwa kwake. Ya binti ni rahisi, wewe uko hai, unakwenda mwenyewe kuapa.

Mimi nilikuwa na kazi ngumu. Kijana wangu yuko Marekani, akataka nikaone wajukuu. Mimi nimezaliwa 1957, nilibatizwa utotoni, kitabu cha kanisa kipo na tarehe ipo. Lakini mama yangu alizaliwa wakati wa Mtunya. Vijana msioijua, hiyo ni njaa kuu ya Ugogo ya mwishoni mwa vita vya kwanza vya dunia na baada yake, kati ya 1917 na 1920, watu waliuza hata watoto wapate chakula. Sasa nani alikuwa anaandika tarehe? Mama amekwisha kufa, ndugu zake wa tumbo moja wamekwisha kufa. Nilimtafuta binamu yake, ajuza wa Handali, macho hayaoni ila kichwa kinafanya kazi kuliko changu. Yeye ndiye aliyejua kijiji alichozaliwa mama na nyumba ya nani. Mwaka tuliukadiria kwa hiyo njaa, wakili akaandika, ajuza akaweka dole gumba.

Nasema hivi: mwenye wazee hai nyumbani awaulize sasa. Majina matatu matatu, kijiji, mwaka. Hata kama huna safari. Mimi nilimkuta ajuza yule kwa neema tu.

Mpwapwa Kwetu

Shikamoo mzee. Mimi niko Kibakwe huko milimani. Kwangu karatasi zote zilikuwepo, kilichonitesa ni steshenari. Kijana aliyenijazia alitumia barua pepe yake mwenyewe, na jibu la swali la siri aliliweka analolijua yeye. Baadaye nataka kufuatilia ombi, hayupo, kahamia Gairo kuuza simu. Nilimsaka kwa namba za watu mpaka nikampata. Kwa hiyo hata kama hujui kompyuta, fungua barua pepe yako kwanza na ukae pembeni yake akijaza.

Jingine ni majina. Waliotuandikisha kijijini waliandika jina la baba kwa masikio yao. Cheti cha shule kina H, kitambulisho hakina. Herufi moja! Nilishauriwa nisifike dirishani hadi nimerekebisha kitambulisho, na ule ushauri ulikuwa wa kweli, maana niliyekuwa naye kwenye foleni alirudishwa kwa jambo hilo hilo.

Kijana wa Kibaigwa

Kuna jamaa pale mjini aliniambia nimpe laki mbili na nusu anamaliza kila kitu, mimi nisubiri nyumbani kwenye mahindi yangu. Kuna aliyewahi?

Mwalimu Itigi

Kibaigwa, usithubutu. Vidole atakuazima? Utaitwa uchukuliwe alama na upigwe picha wewe mwenyewe, kwa hiyo atakachofanya ni kukujazia fomu kwa bei ya mbuzi wawili. Serikali unailipa kwa namba ya malipo tu, na ujumbe wa risiti unakujia kwenye simu. Anayetaka pesa mkononi, huyo ni kishoka.

Mimi nilikwenda ofisi ya mkoa, Singida mjini. Usisahau ushahidi wa safari. Mwanafunzi barua ya chuo, mfanyabiashara leseni na TIN (namba ya mlipakodi), mfanyakazi barua ya mwajiri. Ukisema tu "nataka niwe nayo" utaulizwa maswali mengi kuliko mwenye safari. Binafsi naona hili si haki kwa watu wa vijijini, maana mtu akipata safari ndipo aanze kuhangaika na vyeti, nafasi inampita. Ila ndivyo ilivyo.

Mkulima wa Alizeti

Mwalimu, barua ya chuo ipo. Kadi ya NIDA, yaani Kitambulisho cha Taifa, ya binti haijatoka, ana namba tu.

Mwalimu Itigi

Mimi niliingiza namba, kadi hawakuidai. Aende na ile karatasi yenye namba ameiprinti.

Boda wa Kwamtoro

Mkuu, kama mnatokea Farkwa msisubiri gari la asubuhi hiyo hiyo. Gari likiwahi kufika mjini ni saa nne, foleni imeshapinda kona. Laleni Dodoma usiku mmoja, gesti za Majengo hazina bei kali. Na mvua zikianza nipigie kwanza nikuambie kama korongo linapitika, nina mtu upande wa pili.