Transfoma imekufa miezi mitano, halafu mnatuambia tukope!

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Jana usiku mamangu alinipigia simu kutoka nyumbani, Kinango, kaunti ya Kwale, akaniomba elfu mbili za dizeli. Mimi nimepanga chumba hapa Pipeline, Nairobi, na kibarua changu ni cha Industrial Area, kinacholipwa kwa siku. Hii ni mara ya nne ananiomba tangu transfoma ya kijiji ilipuke. Mama si mtu wa kuombaomba. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona aibu mbele ya mwanawe, na hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi.

Ana mashini ya kusaga. Mota ya umeme waliinunua kwa pesa za chama, wanawake kumi na wawili, wakichanga kidogo kidogo miaka miwili. Ilivuta wateja kutoka vijiji vitatu. Sasa imefunikwa gunia pembeni, na yeye amekodi injini kuukuu ya dizeli inayotoa moshi mpaka unga unanuka. Bei ya kusaga imebidi ipande. Wasioiweza wamerudi kwa kinu na mchi, mwaka huu wa Mungu.

Tumepiga simu kwa watu wa umeme. Nina namba tatu za malalamiko nimeziandika kwenye daftari. Kila mara jibu ni lile lile, mafundi wako njiani. Mwezi uliopita wazee waliambiwa wakichanga pesa ya mafuta ya gari, kazi itaharakishwa. Yaani watu wanaolipia stima wasiyoipata wamjazie tangi anayekuja kuirudisha!

Katikati ya hayo yote, afisa mmoja alikuja barazani kwa chifu kuwahimiza akina mama wakope Hustler Fund, ule mfuko wa mikopo wa serikali. Sina neno na mkopo wenyewe. Ulipozinduliwa Novemba 2022 tuliambiwa unaanzia shilingi 500 hadi 50,000, riba 8 kwa mia kwa mwaka, unarudisha ndani ya siku 14. Kwa muuza mboga wa hapa Pipeline, anayeamkia sokoni na kumaliza mzigo jioni, siku 14 ni nyingi. Lakini mama akope afanyie nini? Anunue dizeli, asage kwa hasara, kisha alipe deni kwa pesa yangu ya kibarua? Biashara ya mashambani haifi kwa kukosa deni. Inakufa kwa sababu stima imekatika, barabara ni korongo na maji yako mbali, na hakuna mama anayeweza kujinunulia transfoma.

Na hiyo dizeli nayo ina kodi ndani yake. Ushuru wa VAT kwenye mafuta ulipandishwa kutoka 8 hadi 16 kwa mia mwaka 2023. Tozo ya kutengeneza barabara ikapanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita mwaka 2024. Mama analipia barabara kila akiwasha injini, na pikipiki inayomletea hilo dumu inasukumwa kwa mkono mvua ikinyesha.

Kuna jambo linaniuma kuliko mashini. Zahanati yetu iko kwenye laini hiyo hiyo. Chanjo za watoto zinatakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na friji haina moto. Kwa hiyo muuguzi, dada mmoja tu aliyepo, siku ya kliniki anapanda boda alfajiri na kisanduku cha barafu mapajani, anakwenda kuchukua dozi kituo kikubwa, anarudi jua likiwa limeshawaka. Akina mama wanamngoja chini ya mwarobaini na watoto migongoni. Barafu ikiyeyuka kabla foleni haijaisha, waliobaki wanaambiwa warudi wiki ijayo. Nauli ya boda anaitoa mfukoni mwake. Nilimshuhudia kwa macho yangu nilipoenda likizo.

Halafu someni Katiba, kifungu cha 204. Kuna Hazina ya Usawazishaji, nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizoachwa nyuma. Muda wake ni miaka 20 tangu 2010, Bunge lisipouongeza. Kwale ilikuwa kwenye orodha ya kwanza ya kaunti 14. Mwaka 2030 uko hapo mlangoni, na sisi hata kibao cha mradi hatujakiona pale kijijini.

Ninachotaka si msaada wa chakula wala sherehe ya kukabidhiwa hundi. Nataka transfoma ibadilishwe, na atoke mtu aseme hadharani tarehe gani. Nataka zahanati iwekewe sola ya friji wakati tunasubiri. Kama kuna mtu hapa amewahi kudai kwa maandishi akajibiwa, aniambie alipeleka barua wapi na alimwandikia nani. Picha za transfoma ninazo, na namba zote tatu za malalamiko ninazo.

Zile elfu mbili nimetuma asubuhi hii. Mama anasema zitamfikisha Ijumaa.