Naombeni ushauri: kwenye bakteria, mashine ya kunakili DNA imetulia au inatembea?

Mwanasemina: Wakuu habari zenu. Niko mwaka wa tatu, wiki ijayo nawasilisha jinsi DNA inavyonakiliwa ndani ya bakteria. Chanzo kimoja kinasema mashine imekaa katikati ya seli na DNA ndiyo inayopita, kama kitambaa kwenye cherehani. Kingine kinasema mashine ni mbili na zinaachana. Mhadhiri wetu ukiyumba kidogo tu anakukalisha. Nishike lipi?

Kipara wa Maabara: Mkuu, angalia kwanza kila chanzo kinaongelea bakteria gani. Hoja ya kutulia ilipata nguvu 1998: watafiti Lemon na Grossman waliunganisha polimerasi (kimeng'enya kinachonakili DNA) ya bakteria Bacillus subtilis na protini inayong'aa kijani. Mwanga haukutapakaa seli nzima, ulikaa kwenye vidoa vichache, hasa katikati. Kwa E. coli, mwaka 2008 Reyes-Lamothe na wenzake waliona mashine mbili zikianzia pamoja, kila moja ikaelekea nusu yake ya seli, halafu zikarudi katikati kazi ilipokaribia kuisha.

Mpita Njia: Nilidhani uzi wa printa 😂 Haya, nimekaa nisome.

Bi Hadubini: Mwongeze bakteria Caulobacter crescentus, mdogo wangu. Mashine yake inaanzia kwenye ncha yenye kikonyo, kisha inasogea taratibu kuelekea katikati. Nakala ya kwanza ya eneo la kuanzia inavutwa hadi ncha ya pili huku sehemu kubwa ya kromosomu bado haijanakiliwa. Sisi seli zetu zinanakili kwanza, kugawana baadaye. Hapo ndipo ningetumia dakika zangu nyingi.

Mwanasemina: Asanteni sana. Maswali ya mtego?

Kipara wa Maabara: Lipo moja. Kromosomu ya E. coli ina jozi milioni 4.6 za herufi za DNA. Kunakili kunaanzia sehemu moja na kwenda pande mbili, kila upande kwa kasi ya karibu jozi 1,000 kwa sekunde, kwa hiyo ni kama dakika 40. Sasa mbona seli ikishiba vizuri inagawanyika kila dakika 20? Kwa sababu duru mpya inaanza kabla ya ile ya nyuma kwisha. Seli inazaliwa DNA ya wajukuu wake ishaanza kunakiliwa. Kwa hiyo kwenye slaidi andika wazi kwamba mchoro wa mashine mbili ni wa seli inayokua polepole. Inayokua haraka ina mashine nyingi zaidi, na mchoro wako hautatosha.