Digrii ya ukutubi miaka minne, chuo kimoja cha Siyu kimenishinda

Asalam alaykum wanajukwaa. Naandika nikiwa Lamu, na nina hasira, kwa hiyo mtanistahamilia.

Mimi ni mkutubi mwenye digrii. Miaka minne nimekaa bara nikisoma, mkopo bado naulipa. Wiki jana baada ya alasiri alinijia mama mmoja, mtu wa Siyu, rika la nyanya yangu, amebeba kibweta kilichofungwa kwa leso. Nikamwamkia, akaketi, akasema: "Mwanangu, wewe si ndiwe uliyesomea vyuo? Hebu nitizamia hiki, chasemani?" Kwa wasiotoka huku, chuo kwetu ni kitabu. Ndiyo maana mtoto huenda chuoni kusoma Kurani kabla hajasikia habari za chuo kikuu.

Ndani mlikuwa na chuo cha mkono, jalada la ngozi limepasuka mgongoni, wino mweusi na mwekundu, na kurasa zimetobolewa na wadudu. Kurasa mbili kijana wa kwao alizibandika selotepu akidhani anasaidia. Gundi imegeuka rangi ya chai na imeanza kupanda juu ya maandishi. Chini ya kila ukurasa wa pili kulikuwa na neno moja limeandikwa peke yake, pembeni. Nikadhani mwandishi alikosea. Yule mama ndiye aliyenifahamisha: hilo ni neno la kwanza la ukurasa unaofuata, liliwekwa ili kurasa zikichanganyika zipangike tena. Babake alimwonyesha akiwa mdogo. Yeye hakusoma hata darasa la nne. Mimi nimevaa joho.

Herufi za Kiarabu nazijua tangu utotoni, lakini Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi hizo kina mambo yake. Kiarabu hakina p wala ch wala v, kwa hiyo penye p, kwa mfano, waandishi wa zamani waliandika b, na msomaji ajue mwenyewe kama ni "bata" au "pata". Huu ni ujuzi, una watu wake na unafundishika. Katika miaka minne sikufundishwa hata saa moja.

Tulifundishwa nini basi? Dewey, mfumo wa Mmarekani wa mwaka 1876 wa kupanga vitabu rafuni kwa namba, tukaukariri kama juzuu. Biblia na Ukristo kuanzia 220 hadi 289. Uislamu wote, tangu tafsiri hadi fikihi, umebanwa kwenye 297. Siwakatai waliosoma Biblia, nauliza mambo ya kazi: utenzi wa Kiswahili wa kumsifu Mtume nauweka 297 au 896.392, kwenye fasihi ya Kiswahili? Nilimuuliza mhadhiri darasani. Akanijibu niandike 297, muda umekwisha. Mtu wa Lamu anayetafuta tenzi ataenda rafu gani? Hilo ndilo swali la ukutubi, na ndilo lililokosa muda.

Koha tulifundishwa ubaoni. Ni programu ya bure ya kuendeshea maktaba, mtu yeyote anaweza kuiweka kwenye kompyuta, nasi tulikaririshwa faida zake tukaziandika kwenye mtihani. Mara ya kwanza kuigusa ilikuwa kazini, nikifundishwa na kijana wa cheti.

Somo la uhifadhi lilikuwa muhula mmoja, noti za miaka na miaka. Chumba kiwe na kiyoyozi, joto nyuzi 18 hadi 20, usiku na mchana. Hapa ukuta wa mawe ya matumbawe unatoka chumvi, stima inakatika, mchwa wanapanda kutoka sakafuni na masika inapenya hadi ndani ya sanduku. Hakuna aliyetuambia ufanye nini ukiwa na vyuo vya watu na huna kiyoyozi. Wazee walikuwa na njia zao. Nani aliwauliza?

Na msiniambie jambo hili ni gumu mno. Miswada, yaani hati za mkono, ya msikiti wa Riyadha hapa hapa Lamu imepigwa picha kwa mpango wa British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, imo mtandaoni. Ukitaka katalogi ya miswada ya Kiswahili utaikuta chuo kikuu cha SOAS, London. Chuo cha utenzi cha Pate chenye tarehe ya mwaka 1728 kiko Hamburg, Ujerumani. Kwa hiyo wapo watu wanaolipwa kusoma maandishi yetu, huko. Mwanafunzi wa ukutubi wa Kenya hata zile picha za Riyadha haonyeshwi kwenye skrini. Shule ya wakutubi wa Afrika Mashariki ilifunguliwa Makerere mwaka 1963! Tumekuwa na muda.

Katiba ya 2010 imeweka maktaba mikononi mwa kaunti. Vizuri. Basi kaunti za pwani zina haki ya kuwauliza wanaotunga mitaala: mnatuletea watu wanaojua nini? Mimi nataka muhula mzima wa hati za mkono, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kiwemo, na atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, ifanywe mahali zilipo hizo hati, siyo kupanga magazeti kwenye maktaba ya bara miezi mitatu kama nilivyofanya mimi.

Kibweta bado kiko kwangu. Nimekiweka juu ya kabati, mbali na ukuta, nimekifunika kitambaa cha pamba. Mwenyewe amenipa muda hadi Maulidi, kisha anakitaka, kimesomwa au hakikusomwa. Kama humu yupo anayejua kuitoa selotepu kuukuu bila kung'oa wino, aandike hapa chini taratibu, hatua kwa hatua. Na wakutubi wenzangu semeni: yupo hata mmoja wenu aliyefundishwa haya darasani?